Mtani Katika Gari la Vita

Mume wangu aliwaleta miungu wa Kihindi nyumbani kwetu Kinondoni siku ya Jumamosi, nami nimemshika kuku shingoni. Alikuwa amewafunga kwenye gazeti na kuwabana kwapani, na jasho la safari lilikuwa limeanza kulowesha jalada. Akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa na Gavana.

"Mwenzangu, muweke huyo kuku chini kwanza," akasema. "Nimeleta hekima."

Nikamwambia hekima haijapata kuunga mchuzi, nikaendelea na kuku wangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Kinondoni ilikuwa minazi na mihogo kuliko nyumba. Mume wangu alikuwa karani wa wakili mmoja wa Kihindi mjini, mzee mwenye miwani mizito na kabati lililojaa vitabu vya dini yake. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kale sana, lakini hivi vya kabatini vilikuwa vimefasiriwa upya kwa Kiingereza cha siku zile, maana lugha ya asili hata mzee mwenyewe alikuwa akiisoma kwa kujikwaa. Siku hiyo alimpa mume wangu kimoja akamwambia, "Soma, halafu uniambie umeonaje." Hakuna bosi aliyewahi kumuuliza ameonaje. Alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Tatizo lilikuwa moja. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, cha "tafadhali pokea" na "ninayo heshima". Mimi nilikuwa nimesomeshwa na masista kule Songea mpaka nikawa mwalimu, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko chake, jambo ambalo wote wawili tulilijua na hakuna aliyelitaja. Basi kila Jumapili baada ya misa na chakula, tulikaa kibarazani, mimi nikasoma na kufasiri, naye akasahihisha.

Wa tatu wetu alikuwa jirani, dereva wa lori la mawe, Mhehe wa Iringa. Sisi ni Wangoni. Babu zetu na babu zake walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka waliachiana utani, nasi tukaurithi. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuingia jikoni kwangu bila hodi, kufunua sufuria, na kumwita mume wangu mtumwa wake mbele ya wageni. Nasi tulikuwa na haki ya kumuuliza kama mbwa wa jirani aliyepotea alimla kwa ugali au kwa wali. Katika utani mtu hakasiriki, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Mhehe hakujua Kiingereza zaidi ya majina ya vipuri. Alikaa kwenye kinu changu cha kutwangia, amekilaza ubavu, amefumba macho, akinisikiliza. Asipoelewa alisema, "Rudisha nyuma," kwa sauti ileile ya kumwelekeza mtu anayeegesha, nami nikarudia.

Tulipofika penye habari za mtu kufa na kuzaliwa tena katika mwili mwingine, hata wa mnyama, nilimgeukia.

"Mie nikizaliwa mbwa," nikamwambia, "namwomba Mungu jambo moja tu. Nisizaliwe Iringa."

"Usiwe na wasiwasi, mtani," akanijibu bila kufumbua macho. "Mngoni hata akizaliwa mbwa hana nyama."

Tulipofika penye fundisho la kutenda kazi bila kuyatamani matunda yake, ndipo alipofumbua. "Hiyo mie nimeifanya tangu nianze kuendesha lori," akasema. "Kumbe mie ni mtakatifu, na nyie mnanipa chai isiyo na maziwa."

Nilimweleza padri habari za vitabu hivi katika kitubio, nisije nikalaumiwa baadaye. Akaniuliza kama vinanizuia kusali. Nikasema mimi havinizuii, ila vinamzuia mume wangu kupasua kuni. Padri akasema hiyo si dhambi yangu, tuendelee na nyingine.

Lakini mume wangu hakukipenda kile kitabu kwa ajili ya hekima. Alikipenda kwa sababu ya kaka yake, na hilo halikuwa na mzaha hata kidogo.

Baba yao alikuja Dar es Salaam zamani kufanya kazi bandarini, akajenga Temeke. Uzeeni alisilimu, na kaka mkubwa akasilimu naye. Mama alibaki na rozari yake, mume wangu akabaki na yeye, na waliishi hivyo kwa amani, Idi kwa huyu na Krismasi kwa yule. Kisha mzee akafa ghafla, asubuhi, wakati mume wangu yuko Kilosa na wakili wake kwa ajili ya kesi. Simu ilimfikia, akapanda treni ya kwanza. Alipofika Temeke siku ya pili alikuta udongo umeshafukiwa na watu wanakunywa kahawa. Baba yake alikuwa amezikwa siku ileile, kama Waislamu wanavyozika.

Alisimama pale uani akamwambia kaka yake maneno ambayo sitayaandika. Aliondoka hajakaa hata mkekani. Toka siku hiyo Temeke hakuikanyaga tena, na mama yao alikuwa anaishi kulekule, kwa kaka mkubwa.

Majirani waliniambia niache, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Niliwajibu kwamba nimelima mpaka jembe limekwisha. Kila baada ya majuma machache nilivuka mji peke yangu kwenda kumwona mkwe wangu, nikimbebea sukari na salamu ambazo mume wangu hakuwa amezituma. Na kila nilipokwenda, macho ya yule mama yalikuwa yameingia ukungu zaidi. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika moja lote na la pili alikuwa amelifikia katikati.

"Mwambie mwanangu," aliniambia mara moja, akiwa amenishika kidole kama mtoto, "mie nataka kuwaona wote wawili wamekaa pamoja. Sitaki kuwasikia. Nataka kuwaona. Na hili jicho halitamngoja."

Nilimfikishia. Alinyanyuka akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Sasa kitabu chenyewe. Shujaa mmoja amepanda gari la farasi kwenda vitani. Anamwambia dereva wake alisimamishe katikati ya majeshi mawili, apate kuona anapigana na nani. Anatazama, anaona babu zake, wajomba zake, walimu wake na ndugu zake wa damu wamejipanga upande wa pili. Miguu inamlegea, upinde unamtoka mkononi, anaketi garini na kusema hapigani. Dereva, ambaye kwa siri ni Mungu mwenyewe, anamwambia inuka, pigana, ndiyo wajibu wako.

Mume wangu akifika hapo alipiga goti lake kofi. "Unaona? Hata watu wa kale wamekubali. Mtu mwenye haki asimame, hata kama mbele yake yuko ndugu."

Nami nilikuwa na silaha yangu. Nilipopeleka pete ya ndoa ipanuliwe, maana kidole kilikuwa kimekataa kubaki cha msichana, sonara wangu alikuwa mtu wa kisiwa cha Seiloni, wa dini ya Budha. Tulizungumza, akafurahi kumpata Mwafrika anayesoma mambo ya kwao, akaniazima kijitabu chembamba, nacho cha Kiingereza kipya, chenye mafundisho ya yule mwana wa mfalme aliyeacha kasri akaenda kutafuta kweli. Mle ndani niliona fundisho kwamba chuki haijawahi kuzimwa kwa chuki. Mimi nililifasiri hivi: moto hauzimwi kwa mafuta ya taa. Nilimsomea mume wangu wakati wa kula, mdomo ukiwa umejaa asiweze kunijibu.

Akameza. "Huyo mtawa wako," akasema, "aliondoka akamwacha mke na mtoto mchanga wamelala. Wataka nimfuate?"

"Ukitaka kuondoka niambie mapema," nikamwambia, "nisikupikie."

Tukaishi hivyo, yeye na gari lake la vita, mimi na mtawa wangu, na Mhehe katikati akimaliza mboga. Huku na huku nilicheka, sikatai, lakini nikienda Temeke nilikuwa naona lile jicho, na nikirudi nilikuwa nakosa usingizi kwa hasira. Nilimpenda mume wangu na nilitamani kumtia kibao.

Jumapili moja tukarudi kusoma palepale penye majeshi mawili, na safari hii nilisoma polepole. Nikakuta kitu ambacho mara zote tulikuwa tumekiruka kwa haraka ya kufika kwenye vita. Shujaa amekaa analia, na dereva, kabla hajafungua mdomo, anatabasamu.

"Rudisha nyuma," akasema Mhehe.

Nikarudisha.

"Anacheka?"

"Anatabasamu. Kama mtu anayezuia kicheko."

Mhehe akafumbua macho, akaketi vizuri. "Mwenzake analia, ndugu zake wamejipanga kuuana, na yeye anacheka. Huyo si Mungu. Huyo ni mtani."

Mume wangu aliona kama amekanyagiwa kanzu ya harusi. Akasema hayo ni mambo ya falsafa, tena ya hali ya juu, wakili mwenyewe amesema dereva ni Mungu.

"Na Mungu akatazwe utani na nani?" akauliza Mhehe. "Niambie wewe, karani. Mtu yuko msibani. Nani anaweza kwenda mbele yake akacheka na asipigwe? Padri? Shehe? DC? Watamtoa meno. Ni mtani peke yake. Mtani analala mlangoni jeneza lisipite, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na waliofiwa wanacheka huku wanalia. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Lakini dereva anamwambia apigane."

"Anamwambia ainuke," akasema Mhehe. "Hayo ya kupigana wameyatia wao, watu wa vita. Mtani hakwambii kampige ndugu yako. Anakwambia acha kujiliza kwenye gari la watu, shuka."

Mabishano yalidumu mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana mume wangu akamuulize wakili, na neno la wakili liwe la mwisho. Aliondoka Jumatatu akiwa na uhakika kabisa. Alirudi jioni, akala, na juma zima hakukitaja kile kitabu. Mwanamke aliyeolewa huijua hali hiyo. Nikamngoja.

Jumapili Mhehe alikaa kwenye kinu na kudai hukumu yake. Mume wangu akaizungumza ndani ya kikombe. Wakili alikuwa amecheka mpaka akavua miwani. Akasema hajapata kusikia jambo la kipuuzi kama hilo. Kisha akaanza kuhesabu ukoo wa wale watu kwa vidole. Mama yake shujaa, akasema, alikuwa dada wa baba yake dereva.

"Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba," nikasema.

"Ndiyo."

"Binamu."

"Nimesema ndiyo."

Kwetu Ungoni, kama kwao Uhehe, binamu ni mtani tangu siku mnayoota meno. Hakuna anayefundishwa.

"Na tena," mume wangu akaongeza, kwa uaminifu uliomuuma, maana kwa kusema uwongo hakuwa hodari, "shujaa alimwoa dada yake dereva."

"Na shemeji juu," nikasema.

Sikumcheka. Namaanisha sikumcheka kwa sauti. Nilikuwa nimeona uso wa Mhehe, na Mhehe hakuwa anacheka. Alimaliza chai yake, akapangusa suruali. "Jumapili ijayo nina mawe ya kushusha Keko," akamwambia mume wangu. "Njoo unishikie zamu ya mazungumzo, njia ndefu. Mtani wa kike naye aje, apunge hewa."

"Keko tu," akasema mume wangu. "Zaidi ya hapo siendi."

"Nani kakwambia utakwenda zaidi?"

Tulipanda lori tukiwa na nguo za misa. Mhehe kwenye usukani, mimi mlangoni, mume wangu tulimweka katikati. Tukapita Magomeni, tukashuka Jangwani, tukakata Kariakoo na Ilala, na njia nzima Mhehe alieleza jinsi Wangoni walivyokuwa wakikimbia vitani na kuangusha vyungu. Nyuma kulikuwa na mawe kweli, yalikuwa yakigongana. Nadhani mpaka leo hayajashushwa Keko.

"Keko tumeipita," akasema mume wangu.

"Ndiyo, tumeipita," Mhehe akakubali.

Akalisimamisha lori Temeke, mbele ya nyumba ya kaka mkubwa, katikati ya njia, akazima injini. Kaka mkubwa alikuwa barazani, kofia kichwani, akisuka kitanda kwa kamba. Kilikuwa kimefika nusu. Mama yao alikuwa miguuni pake, mkekani, akichagua mchele, ungo ameusogeza mpaka unakaribia kumgusa pua.

Mume wangu aliangalia. Mikono yake ikafa mapajani.

"Miguu yangu haina nguvu," akasema, na wala hakukumbuka kwamba maneno hayo tumekwisha kuyasoma.

Mhehe akamgeukia akatabasamu. Lile tabasamu la dereva wa kitabuni nilikuwa nimehangaika kulifasiri Jumapili ile nzima, nikijaribu neno hili na lile, na hakuna lililokaa. Sasa nililiona pale, lina meno mawili ya dhahabu, na halikuwa na dharau hata chembe. Akashuka, akamwamkia mama shikamoo, akaketi ukingoni mwa baraza bila kukaribishwa, akachota punje za mchele wa watu akatafuna.

Kaka mkubwa alikuwa ameliona lori na ameona nani yumo. Hakumtazama mdogo wake. Akamuuliza Mhehe, "Umetuletea nini?"

"Nimeokota maiti ya Mngoni njiani," akasema Mhehe. "Nimeiangalia, nikaona ni ya nyumba hii. Nimewaletea mzike." Akatafuna. "Safari hii msiharakishe."

Kamba ilisimama. Katika ukoo ule hakuna mtu aliyethubutu kutamka neno hilo, na angelitamka mtu mwingine yeyote pale, damu ingemwagika.

Kaka mkubwa akafunika mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani anacheka, na kweli alikuwa anacheka, halafu hakikuwa kicheko tena. Na ndani ya lori, ubavuni mwangu, mume wangu akatoa sauti ileile. Nikafungua mlango, nikashuka, nikasimama kando kumpisha.

Alitembea mpaka barazani. Kaka yake akasema, kamba ingali mkononi, "Nilikungoja mpaka alasiri. Wazee wakaniambia namtesa marehemu. Nikawaambia bado kidogo. Nikawaambia tena bado kidogo."

"Hukuniambia."

"Ulikuja na matusi. Ningekwambia saa ngapi?"

Hakuna aliyeomba radhi. Mama ndiye aliyeweka ungo chini.

"Niletee hiyo maiti hapa karibu," akasema, "jua halijaondoka barazani."

Mume wangu akapiga magoti. Mama akamshika uso kwa mikono yote miwili, yenye vumbi la mchele, akausogeza kwenye lile jicho lililobaki, akaugeuzageuza kwenye mwanga kama alivyokuwa akiugeuza ungo. Alichukua muda wake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na sikujali nani ananiona.

"Mbona imenenepa," akasema mwishowe. "Maiti gani hii inalishwa hivi?"

Tulicheka wote, Mhehe kuliko sisi, maana yeye ndiye alijua chakula chenyewe. Kisha mama akawaamuru wakae pamoja, awaone kwa mara moja. Wakakaa kwenye kile kitanda cha nusu kamba, kikabonyea, wakateremkiana mpaka mabega yakagusana, na hakuna aliyejitoa. Mama akawatazama mpaka jua likaondoka.

Lile jicho lilizimika kabla ya masika. Aliishi miaka mingi baadaye, na watoto wangu walipenda kumuuliza, "Bibi, unaona nini?" Hakuwahi kuwaambia giza. Aliwaambia anawaona wanawe wawili wamekaa kwenye kitanda kibovu, na yule mdogo amenenepa.